Kamba, ndoo na daftari: jinsi tunavyosimamia sheria ndogo ya visima

Nyuma ya mlango wa chumba changu inaning'inia kamba ya manila yenye mafundo 24, fundo moja kila nusu mita, na mwishoni nimefunga kipande cha nondo. Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi naitoa, naenda nayo kwenye visima vinne vya kijiji chetu, Mtwara Vijijini, upande wa pwani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu 2018 ni katibu wa kamati ya maji. Wenzangu wa vijiji vya jirani wananiuliza tuliwezaje kuzuia pampu kwenye visima vya kunywa bila kijiji kugawanyika. Nawaandikia wao, na kila katibu, mtendaji au mwenyekiti aliyekabidhiwa sheria ndogo ya maji bila kuelezwa aishike vipi.

Kwanza jueni maji yenu yamekaaje

Usisimamie kanuni ambayo wewe mwenyewe huwezi kuieleza chini ya mwembe. Mtu atakuuliza, "Maji si ya Mungu? Mbona mwaka jana yalikuwepo?" Ukikosa jibu, hapo hapo umeshindwa.

Sisi wa pwani, maji yetu baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mchanga, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini yake yamebebwa na takribani mita 40 za maji baridi kabla hujaikuta chumvi. Hesabu hiyo inafanya kazi kinyume pia. Ukivuta maji mpaka yashuke nusu mita na yakae hivyo, chumvi inaelekea kupanda mita 20 kutoka chini. Ndiyo maana kisima cha pwani hakitoi onyo kwa kukauka. Kinabaki kimejaa, ila chai inaharibika ladha na sabuni inakataa kutoa povu. Chumvi ikishaingia, mvua ya msimu mmoja haitoshi kuiondoa.

Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba wana habari nyingine. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu juu, mvua inazama, na maji yako mbali mno chini. Bibi zao walishuka mabondeni kwa miguu kuyafuata, na mpaka leo mradi wa Makonde unasukuma maji kutoka Mitema, bondeni, kupeleka juu. Kwao kanuni nzito ni kulinda chanzo kilichopo bondeni na kukinga maji ya bati. Kwetu ni kutovuta kupita kiasi. Usinakili sheria ndogo ya kijiji kingine kabla hujajiuliza maji yenu ni ya aina gani.

Jua mamlaka yako yanaishia wapi

Hapa ndipo tulipojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yote nchini ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye shamba ana shamba. Maji yaliyo chini si yake peke yake. Anayechota kwa ajili ya kunywa, kupika na kufua nyumbani kwake haombi kibali cha kutumia maji. Anayevuta kwa mashine kumwagilia bustani ya biashara, kufyatua matofali ya kuuza au kujaza maboza, anakihitaji, na anayekitoa ni Bodi ya Maji ya Bonde. Kwetu ni Bodi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo makao yake yapo Mtwara mjini. Kijiji hakitoi kibali hicho wala hakiwezi kukiuza. Nimewahi kuona mhuri wa kijiji kwenye karatasi iliyoandikwa "kibali cha kisima". Karatasi hiyo haina nguvu, na aliyeigonga mhuri anaweza kuulizwa.

Huduma ya maji ya bomba na visima vya mradi vijijini ipo chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, pamoja na chombo cha watumia maji cha eneo lenu. Pampu ikiharibika, huko ndiko pa kwenda. Mtu akivuta maji kupita kiasi, hilo ni la Bodi ya Bonde na la sheria ndogo yenu. Mambo haya mawili watu wanayachanganya kila siku, na barua zinapotea njiani.

Jingine: zile mita 60 ambazo kila mtu anazitaja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, au bwawa. Usimwambie mwenye choo karibu na kisima cha kijiji kwamba amevunja mita 60, maana siku akikutana na mwanasheria atakuumbua. Umbali wa choo na kisima uandikeni ninyi kwenye sheria ndogo. Sisi tuliweka mita 30, kama maafisa afya wanavyoshauri kwa kawaida.

Sheria ndogo inayopimika

Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Halmashauri ya Kijiji inaandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaijadili, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya idhini mna makubaliano tu. Makubaliano yana heshima yake, lakini hayatozi faini.

Rasimu yetu ya kwanza ilisema "ni marufuku kutumia maji vibaya". Vibaya ni nini? Kila mtu ana lake. Tuliifuta, tukaandika mambo ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuyahakiki:

– Kisima cha kunywa hakiwekwi mashine ya petroli, ya umeme wala ya sola. Ni ndoo au pampu ya mkono.
– Mashine ya bustani hairuhusiwi ndani ya hatua 150 kutoka kisima cha kunywa.
– Kuanzia Agosti mpaka mvua ianze, visima vya bustani vinavutwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi tu.
– Mashine ya kupulizia mikorosho haioshwi wala dawa haichanganywi ndani ya hatua 100 kutoka kisima chochote.
– Maji ya kuuza nje ya kijiji hayachotwi kwenye visima vya kunywa.

Hatua ni za nani, mrefu au mfupi? Swali hilo liliulizwa na mzee mmoja mkutanoni na alikuwa na haki. Tukapima kwa futi ya fundi, tukakubaliana hatua moja ni sentimeta 75, tukaandika hivyo kwenye sheria yenyewe.

Kiwango cha faini msikibuni. Muulizeni mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ukomo wake. Na wekeni adhabu ya kazi kwa asiye na fedha: kusafisha mfereji, kujenga uzio wa miti, kubeba kokoto za kuzungushia kisima. Bila kipengele hicho utajikuta unamdai mjane mwenye kuku watatu.

Muhtasari wa Mkutano Mkuu uwe na mahudhurio yenye majina na sahihi. Wanawake wahesabiwe peke yao. Wao ndio wanaochota, na kwenye mkutano wetu wa kwanza walikuwa wamekaa nyuma, wanne tu wamesema. Tuliitisha mwingine saa 10 jioni, wakiwa wametoka kisimani, na kipengele cha saa za kuvuta kimetoka kwao.

Kupima

Kisima kinapimwa alfajiri, kabla mtu wa kwanza hajachota, kwa sababu usiku kucha maji yametulia na kurudi mahali pake. Shusha kamba taratibu mpaka usikie nondo imegusa maji. Ishike kamba pale inapokutana na ukingo, hesabu mafundo, ongeza kipande kilichobaki kwa rula. Andika tarehe, saa, kisima gani, mafundo mangapi, na nani alikuwa na wewe. Daima wawe watu wawili, na mmoja asiwe wa kamati. Mimi huchukua mwanafunzi. Mwakani atajua kufanya mwenyewe.

Daftari langu linaonyesha kisima cha msikitini kilikuwa fundo la 13 mwezi Juni na fundo la 16 mwezi Oktoba. Kushuka hivyo kiangazi ni kawaida. Kilichotushtua ni mwaka ambao kufikia Agosti kilikuwa tayari fundo la 17. Bila daftari tungesema "naona kama maji yamepungua", na mwenye pampu angesema "mimi naona yapo".

Chumvi nayo ina kipimo. Fundi maji wa wilaya ana kifaa kidogo cha kuchovya kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme na kutoa namba, kwa mikrosimensi kwa sentimeta. Maji ya bahari yanasoma kama 50,000 hivi, na kisima chetu kizuri kilisoma 700. Mwombe apime mwezi Mei na mwezi Novemba. Namba yenyewe si kitu kikubwa kama kupanda kwake. Ikipanda misimu miwili mfululizo, peleka chupa ya maji kwenye maabara ya ubora wa maji mjini na uiandikie Bodi. Kati ya vipimo, wasikilize bibi wanaopika. Bibi mmoja jirani yangu aliniambia kunde zimeanza kukawia kuiva wiki nyingi kabla kifaa hakijaja.

Mashine inapimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Kijana mmoja wa bustani, ambaye nyanya na mchicha wake tunakula sote, alisema pampu yake "inavuta kidogo tu". Sikubishana naye. Tuliweka ndoo, ikajaa kwa sekunde 16. Tukapiga hesabu pale pale mchangani kwa kijiti: lita 75 kwa dakika, 4,500 kwa saa. Alikuwa anavuta kwa muda wa saa tatu kwa siku, yaani lita 13,500, ambazo ni ndoo 675. Nyumba ya kawaida hapa inatumia ndoo sita kwa siku. Pampu moja ilikuwa inakunywa maji ya nyumba 112. Kijana alikaa kimya muda mrefu, akaniambia, "Mama Mwalimu, sikujua." Namwamini. Wengi hawajui.

Kushika

Msimu wa kwanza tulifanya kosa ambalo silitamani kwa yeyote. Sheria ndogo ilikuwa bado haijaidhinishwa. Tukaenda usiku na mgambo wawili, tukamkuta mtu anavuta kwenye kisima cha kunywa, tukabeba mashine yake. Kwenye kuibeba iliangushwa. Asubuhi alikwenda kulalamika, na kila alichosema kilikuwa kweli: hatukuwa na sheria, hatukuandika kwamba tumeichukua, tumeharibu mali. Tulirudisha mashine na kulipa fundi kutoka mfuko wa maji, fedha zilizokuwa za vipuri vya pampu ya mkono. Wanawake walichota kwa ndoo na kamba miezi miwili kwa sababu ya hasira yetu ya usiku mmoja.

Sasa tunakwenda hivi.

Taarifa ikija, simtaji aliyeileta, hata kwa mwenyekiti. Wanatoka watu watatu: mjumbe wa kamati, mwenyekiti wa kitongoji na mtu wa kawaida. Wanakwenda mchana. Wanapima hatua, wanapima ndoo, wanaandika, wanamsomea mhusika kilichoandikwa na kumpa nafasi ya kuandika lake. Wengi wanakubali hapo hapo. Picha ya simu inasaidia, lakini mpige picha kisima na mashine. Mtu muombe kwanza.

Hatua ya pili ni nyumbani. Huku kwetu, kwa Wamakonde na Wamwera wanaoshika ukoo wa mama, mjomba ana sauti ambayo mtendaji hana. Nakwenda kwa mjomba wake kwanza, jioni, nakaa, nakunywa maji ya nyumba ile, ndipo naeleza. Namwonyesha daftari. Mara nyingi jambo linaishia pale, na mashine inahamishwa kabla ya Ijumaa. Onyo hilo pia naliandika, na mjomba anaweka sahihi au dole gumba. Onyo lisiloandikwa halipo.

Akirudia, barua ya mtendaji yenye kifungu cha sheria ndogo, tarehe na siku ya kuja ofisini. Akikiri, analipa faini na anapewa stakabadhi ya serikali siku hiyo hiyo. Fedha haishikwi na mkono wa katibu wala wa mwenyekiti, hata kwa dakika tano. Siku moja tu ya faini bila stakabadhi inatosha kuua kazi ya miaka mitatu, kwa sababu tangu hapo kila unachofanya kitaitwa njaa yako. Akikataa kosa, mtendaji anapeleka shauri panapohusika, nanyi mnapeleka daftari, siyo kelele.

Wakati wa mikorosho tunalegeza jambo moja. Mtu akisema hana fedha mpaka mnada wa Oktoba au Novemba, tunaandikishana ahadi yenye tarehe na shahidi. Hajatutoroka hata mmoja.

Na ni nani aanze? Aanze wa kwenu. Wa kwanza kulipa faini chini ya sheria yetu alikuwa mtoto wa dada yangu. Alikuwa ameosha mashine ya kupulizia mikorosho kando ya kisima cha shule, mwezi Julai, maji meupe ya dawa yakitiririka kurudi kwenye mchanga ule ule. Alinijia usiku: "Mama mdogo, nisamehe, ni mara moja tu." Nilimwambia ningekuwa mama yake mdogo kesho yake pia, lakini asubuhi aende kwa mtendaji. Dada yangu hakunisemesha mwezi mzima. Iliniuma, na bado ikitajwa inaniuma. Lakini wiki ile ile mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Kijiji aliyekuwa na mashine hatua 90 kutoka kisima cha kunywa aliihamisha mwenyewe bila kuandikiwa chochote.

Gari la kuchimba likiingia kijijini

Hili ni fupi lakini msilichelewe, maana kisima kirefu kinachimbwa kwa siku moja au mbili na hakifukiwi kwa maneno. Mtambo ukionekana barabarani, mtendaji aende na aulize kwa adabu: leseni ya mchimbaji kutoka Wizara ya Maji iko wapi, kibali cha Bodi ya Bonde kwa kisima hiki kiko wapi, na maji ni ya matumizi gani. Andika namba za karatasi. Karatasi zikiwepo, mkaribishe, mwombe nakala ya taarifa ya kisima atakapomaliza: kina, wingi wa maji, chumvi. Taarifa hiyo atalazimika kuipeleka Bodi, na kwenu itafaa miaka mingi. Zisipokuwepo, msizuie gari kwa mawe. Pigeni simu Bodi siku hiyo hiyo, na barua ifuate kesho yake ikiwa na nakala kwa mtendaji wa kata.

Bajaji na madumu

Wauza maji tuliwaogopa, kumbe ni watu rahisi. Wanafuata kisima chenye foleni fupi. Tuliwaonyesha kisima kimoja cha bondeni kisichotumika kwa kunywa, tukawapa saa zao, wakachagua kiongozi wao. Sasa wao ndio wa kwanza kutuambia kisima kikibadilika ladha, kwa sababu wateja wa mjini wanawarudishia madumu.

Kutunza daftari na kamba

Kila mwisho wa mwezi soma vipimo msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na ubandike nakala kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Majina ya waliokosea usiyabandike. Bandika makosa na kilichofanyika. Daftari liwe na nakala mbili kwenye nyumba mbili. Letu moja liliingia maji ya mvua Januari, na tusingekuwa na la pili tungepoteza misimu miwili.

Kamba ya manila inarefuka kadiri inavyovutwa. Mwaka jana niligundua fundo la 20 limesogea sentimeta 14, nikalazimika kuandika marekebisho kwenye kurasa zote za tangu Mei na kuyasoma mkutanoni. Ipime kwa futi ya fundi kila Juni, kabla kiangazi hakijakolea, mbele ya mashahidi wale wale.